Sauti haikuridhishi? Tafuta chanzo kabla ya kununua waya

Malalamiko ya sauti ni ya aina mbili, na watu huyachanganya. Aina ya kwanza ni kasoro iliyopo: spika inanguruma, besi imepotea, upande mmoja umenyamaza. Aina ya pili ni ile iliyoingia baada ya kusoma au kuambiwa: "sauti imebana", "katikati pamekauka", "haina uhai". Hii huja na dawa yake mkononi kabla ugonjwa haujapimwa. Utasikia waya wa dola mia tatu, kichujio cha umeme, au faili la muziki la "ubora wa juu" la 192 kHz. Aina ya kwanza inatibiwa kwa bisibisi na multimita (kipima umeme). Ya pili inatibiwa kwa kufumbwa macho, na ndiyo itakayochukua nafasi kubwa hapa kwa sababu ndiyo inayomaliza fedha za watu.

Swali la kujiuliza kabla ya dalili yoyote ni hili: mtu asiyejua ulichobadilisha, na asiyeuona uso wako, anaisikia hiyo tofauti? Mngurumo wa 50 Hz, ule unaotoka kwenye umeme wa ukutani, ataulalamikia hata mtoto aliyeingia kuazima chaja. "Uhai" wa waya mpya, mara nyingi, huonekana na aliyelipa peke yake.

"Nimebadilisha waya wa spika, sauti imefunguka"

Vikague vyanzo kwa mpangilio huu, usiruke.

Sauti imepanda kidogo. Sikio halituambii kwamba kuna nusu desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) imeongezeka. Linatuambia kwamba muziki umekuwa safi zaidi na besi imejaa. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba masafa ya chini, yaani besi, hatuyasikii vizuri sauti ikiwa ndogo, na kadiri inavyopanda ndivyo yanavyojitokeza. Sasa wewe umezima mashine, umebadilisha waya, umewasha, kisha umerudisha kitasa cha sauti "palepale". Palepale kwa macho si palepale kwa volti.

Maungio yamesafishika. Waya uliokaa miaka kwenye vibano vya spika huota kutu, hasa kwetu pwani ambako hewa ya chumvi haina huruma na shaba. Kuchomoa na kuchomeka tu kumekwangua ile kutu. Kata ncha za waya wa zamani, menya upya, urudishe mahali pake, usikilize. Mara nyingi utakuta "ubora" wa waya mpya umehamia kwenye wa zamani bila gharama.

Waya wa zamani ulikuwa mbovu kweli. Hili lipo, na wanaodhihaki kila mazungumzo ya waya hulisahau. Tupige hesabu. Shaba ya 2.5 mm² ina ukinzani wa karibu 0.007 omu kwa mita. Spika ikiwa mita 5 kutoka kwenye amplifaya, umeme unakwenda na kurudi mita 10, yaani 0.07 omu. Mbele ya spika ya omu 8 hasara yake haifiki hata sehemu moja ya kumi ya desibeli. Waya mwembamba wa 0.75 mm² kwa umbali uleule unafika 0.23 omu, na ukikutana na spika ya omu 4 unapoteza karibu nusu desibeli. Tena haupotezi sawasawa, kwa kuwa ukinzani wa spika wenyewe hupanda na kushuka kufuatana na masafa. Hapo sikio linaweza kugundua kitu.

Kuna pia nyaya zinazouzwa kwa jina la shaba na ndani yake ni alumini iliyopakwa shaba. Kwa unene uleule ukinzani wake unazidi wa shaba kwa nusu na zaidi. Kwangua uzi mmoja kwa kisu, ukiona weupe umeuziwa alumini. Sumaku haitakusaidia, maana shaba na alumini zote hazivutwi. Dawa yake ni shaba halisi iliyo nene, ile inayouzwa kwa mita kwenye duka la vifaa vya umeme wa nyumba. Haihitaji kusokotwa kwa hariri wala kuwekwa mshale wa kuonyesha sauti ielekee wapi. Umeme wa muziki ni wa kwenda na kurudi, kwa hiyo huo mshale nusu ya muda wote unaelekeza kusiko.

Kichwa chako kimehama. Uliinuka kubadilisha waya, ukarudi kukaa. Katika chumba chenye kuta ngumu, wimbi la 3 kHz lina urefu wa sentimita 11 hivi, na ukisogea upana wa kiganja tu, mawimbi ya moja kwa moja na yale yaliyogonga ukuta yanakutana kwa namna nyingine kabisa. Tofauti uliyoisikia ni ya kweli na ingepimika kwa maikrofoni, ila haikuletwa na waya.

Ukishayaondoa hayo yote ndipo uje kwenye matarajio, yaani athari ya plasibo, ile ya mgonjwa kupata nafuu kwa kidonge kisicho na dawa. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald waliwaonyesha watu midomo inayotamka "ga" huku sauti iliyopachikwa ikisema "ba". Wengi walisikia "da". Cha kuzingatia ni kwamba ukishaelezwa siri yake, bado unasikia "da". Kujua hakukingi. Kwa hiyo anayesema "mimi nina uzoefu, sidanganyiki na bei" hajatoa ushahidi wowote. Fundi wa sauti naye hudanganyika kama mteja wake, hata akiwa na miaka mingi kwenye miksa. Kuna mzaha wa zamani wa mafundi wa studio: mwanamuziki akiomba gitaa liongezwe "joto", fundi anazungusha kitasa kisichounganishwa na kitu, na mwanamuziki anashukuru.

Kipimo chenyewe

Tafuta mtu wa kukusaidia, multimita, na toni ya 200 Hz kwenye simu. Usitumie toni ya juu sana, maana multimita za bei ndogo haziyasomi vizuri masafa ya juu. Cheza toni, pima volti za umeme wa kubadilika kwenye vibano vya spika, linganisha A na B (kwa mfano waya wa zamani na mpya) mpaka zipishane chini ya asilimia 1. Kama A inasoma volti 2.00, B isizidi 2.02. Hiyo ndiyo sehemu moja ya kumi ya desibeli, na ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu anayebishana kuhusu sauti hajawahi kuifanya.

Kisha msaidizi arushe sarafu kwa kila duru: kichwa ni A, mwenge ni B. Aandike, abadilishe, atoke chumbani au akae nyuma ya pazia. Asikuangalie wala asiseme "haya, sikiliza hii", kwa sababu sauti yake itakupa jibu bila yeye kukusudia. Wewe unaandika unachodhani. Fanyeni duru 16. Anayebahatisha tu atapata karibu na 8. Kupata 12 au zaidi kwa bahati hutokea chini ya mara 4 katika kila majaribio 100, kwa hiyo ukifika hapo una jambo la kulifuatilia. Ukipata 9 au 10, huna.

Pumzikeni katikati. Tumia wimbo unaoujua kila pumzi yake, kipande kifupi cha sekunde kumi na tano hivi, kwa sababu kumbukumbu ya sauti ni fupi mno. Anayekuambia waya wake wa leo ni bora kuliko wa mwezi uliopita anatumia kumbukumbu ya hisia zake, na hizo hazina kipimo.

"Amplifaya ya bei kubwa ina nguvu na utamu zaidi"

Mwezi Januari 1987 jarida la Stereo Review la Marekani lilichapisha jaribio la aina hii. Amplifaya ziliwekwa pamoja kuanzia redio ya kawaida ya Pioneer ya dola mia mbili na kitu hadi jozi ya amplifaya za taa (zinazotumia vali za kioo badala ya transista) za dola elfu kadhaa, zikasawazishwa, wasikilizaji wakafichwa. Kwa ujumla hawakuweza kuzitofautisha, pamoja na wale walioingia wakiwa na uhakika kwamba wataweza.

Hilo halimaanishi kwamba amplifaya zote ni sawa kila wakati. Ukisikia tofauti ya kweli, chanzo huwa kimojawapo cha hivi. Amplifaya ndogo imesukumwa kupita uwezo wake na inakata vilele vya wimbi, dalili yake ni ukali unaotokea kwenye ngoma na kwaya inapopanda, na hutoweka ukipunguza sauti. Au ni ya taa, na ukinzani wake wa kutoa umeme ni mkubwa, ikabadilisha mlingano wa spika. Au ina mlio wa "shii" unaosikika ukikaribia spika bila muziki. Nje ya hapo, saidia mfuko wako.

Hekaya ya kwetu iliyo mbaya kuliko hii ni ile ya wati. Subwufa imebandikwa "PMPO 12000W" na ndani yake kuna transfoma ambayo mkono mmoja unainyanyua bila shida. Hiyo namba haina kipimo kinachokubalika popote. Geuza mashine, tafuta kibandiko cha nyuma kinachosema inatumia umeme kiasi gani. Kikisema 80W, basi sauti itakayotoka ni pungufu ya hapo, kwa kuwa sehemu ya umeme inageuka joto. Lakini kibandiko cha mbele kimeshafanya kazi yake: mnunuzi anafika nyumbani, anawasha, na anasikia elfu kumi na mbili.

"Spika kubwa zinasikika vizuri kuliko zile ndogo"

Labda, kwa besi. Ila mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, watafiti waliokuwa kampuni ya spika ya Harman, waliwapa wasikilizaji spika zilezile mara mbili, mara wakiziona na mara zikiwa nyuma ya pazia. Mfumo mdogo wa bei nafuu uliopendwa pazia likiwepo ulishuka alama ulipoonekana, na spika kubwa zenye sura zikapanda. Kuna tokeo jingine la kazi hiyo ambalo halitajwi sana nami nalithamini zaidi. Spika ziliposogezwa mahali pengine chumbani, sauti ilibadilika kwelikweli, na waliozibwa macho waliliona hilo kwenye alama walizotoa. Waliokuwa wakiziona hawakuonyesha mabadiliko kama hayo. Kwa hiyo macho huongeza kisichokuwepo, na pia huziba kilichopo.

"Faili la ubora wa juu lina pumzi kuliko CD"

CD ina sampuli 44,100 kwa sekunde, zenye biti 16, na inabeba masafa yote hadi juu kidogo ya 20 kHz, ambako sikio la mtu mzima halifiki. Mwaka 2007 Brad Meyer na David Moran walichukua rekodi za ubora wa juu, wakazipitisha kwenye kizuizi cha kiwango cha CD, wakawauliza wasikilizaji ni ipi ni ipi. Katika majibu 554, yaliyo sahihi yalikuwa 276, sawa na asilimia 49.8. Kurusha sarafu kungetoa hivyohivyo.

Lakini ukinunua albamu ya zamani katika toleo jipya la ubora wa juu na ukaisikia tofauti, huenda huoti. Chunguza kama imechanganywa upya au kupandishwa sauti upya na fundi mwingine. Hiyo ni kazi nyingine kabisa, na ungeisikia hata ikiwa MP3. Kipime hivi: ligeuze faili la ubora wa juu kuwa 44.1 kHz wewe mwenyewe, kisha linganisha hayo mawili kwa duru 16.

Tatizo halisi la mafaili tuliyonayo liko upande mwingine. Fleshi ya nyimbo mia tano uliyojaziwa kwa buku mbili mara nyingi imetoka kwenye video ya mtandaoni, ikabanwa kuwa MP3, ikabanwa tena na mwingine aliyeandika "320" (kilobiti kwa sekunde) kwenye jina la faili. Kuongeza namba hakurudishi kilichokatwa. Dalili yake ni matoazi yanayosikika kama maji yanayochuruzika, na makofi ya hadhira yanayogeuka mchanga. Fungua faili kwenye programu ya bure kama Audacity, tazama picha ya masafa. Ikikatika ghafla karibu na 16 kHz, ujue limeshapita kwenye mkamuo wa kilobiti 128 hapo nyuma. Hili sikio lililofumbwa macho linaweza kulikamata, na dawa yake ni faili jingine.

"Santuri haina dijitali, ndiyo maana ina joto"

Julai 2022 kampuni ya Mobile Fidelity ya California, inayoheshimiwa na wapenzi wa santuri, ilikubali kwamba kwa miaka mingi ilikuwa ikitumia hatua ya kidijitali katika kutengeneza santuri ambazo wanunuzi waliamini zimetoka moja kwa moja kwenye tepu. Matumizi hayo yalianza 2011. Kwa zaidi ya muongo mmoja watu wenye mashine za maelfu ya dola walizisifu sahani hizo kwa usafi wa analojia, yaani usiopitia dijitali. Zilikuwa nzuri kweli, na zilibaki nzuri siku ya pili yake. Kilichobadilika ni stakabadhi tu.

Ukipenda santuri kwa mikwaruzo yake, kwa jalada kubwa na kwa kuinuka kugeuza upande, hiyo ni sababu tosha.

"Spika zilikuwa kali, baada ya wiki zimelainika"

Utaambiwa zinahitaji kuzoeshwa saa mia mbili. Mpira na kitambaa kinachoshika koni hulegea kidogo mwanzoni, lakini sehemu kubwa ya badiliko hilo humalizika mapema, na ni dogo. Hedifoni kuna chanzo cha ziada: sponji hubonyea, spika inakaribia sikio, besi inabadilika. Kinachobadilika zaidi ni wewe, umeizoea. Ukiwa na shaka, sikiliza jozi yako ya zamani siku nzima kisha rudi kwenye mpya. Ukali utaukuta unakungoja. Angalia pia muda wa kurudisha bidhaa. Muuzaji anayekutaka uzoeshe spika kwa mwezi huku risiti ikisema siku saba amepiga hesabu zake vizuri.

"Usiku sauti ni nzuri kuliko mchana"

Dalili hii huuza vichujio vya umeme kwa wingi. Maelezo ya muuzaji ni kwamba usiku umeme ni "safi". Kagua kwanza kelele za mazingira: bodaboda, friji, jenereta la jirani, feni. Zikipungua, unasikia vitu vidogo vilivyokuwa vimefunikwa. Na saa sita usiku umeshakula, umetulia, hakuna anayekuita.

Kisha pima volti kwenye soketi. Maeneo mengi umeme hulegea jioni watu wanapowasha kila kitu, na hurudi usiku mkubwa. Amplifaya yenye transfoma ya kawaida ikipata 200 badala ya 240, nguvu yake ya juu hushuka kwa karibu asilimia 30. Inatisha ukiisoma, ila ni desibeli moja na nusu tu, na huigundui mpaka uifungulie mpaka mwisho. Stebilaiza ina kazi ya maana ya kuiokoa mashine umeme unapocheza, na ninaipendekeza kwa kazi hiyo. Kazi ya kuongeza utamu haimo.

Dalili ambazo plasibo haihusiki

Mngurumo mzito wa kudumu, hata bila muziki: vifaa viwili vimepata ethi kwa njia mbili tofauti, mfano amplifaya na kompyuta, au king'amuzi kupitia waya wa antena. Vichomeke vyote kwenye soketi moja, kisha chomoa kimoja kimoja mpaka unyamaze. Usimsikilize anayekushauri kukata pini ya ethi kwenye plagi. Mngurumo utaondoka, na siku kifaa kitakapovuja umeme wewe ndiye utakuwa ethi.

Besi imepotea na mwimbaji yuko pande zote: spika moja imefungwa kinyume. Badilisha nyekundu na nyeusi kwenye spika moja tu.

Upande mmoja mdogo: badilisha nyaya za kushoto na kulia zinazoingiza sauti kwenye amplifaya. Udhaifu ukihamia upande wa pili, kosa liko nyuma yake, kwenye chanzo. Usipohama, ni amplifaya au spika. Kikwaruzo wakati wa kuzungusha kitasa ni vumbi, puliza dawa ya kusafishia maungio.

Kwaya haieleweki, kila kitu kina mwangwi: ni chumba. Kuta za saruji, vigae chini, kochi moja. Piga kofi, ukisikia mlio unaotetemeka kama chuma, hakuna waya duniani utakaouondoa. Weka zulia, pazia zito, kabati la vitabu, godoro la wageni lisimamishwe kona. Chumba cha urefu wa mita 4 huivimbisha besi ya karibu 43 Hz karibu na kuta na kuinyang'anya katikati, kwa hiyo sogeza kiti kabla ya kusogeza fedha. Nusu mita inaweza kubadilisha zaidi ya kila kilichotajwa hapo juu.

"Nimefeli kipimo, lakini bado naisikia tofauti"

Inawezekana kabisa. Ukishajua ni ipi inapiga, ubongo unaiongeza kwenye sauti kabla hujaombwa maoni, na raha unayoipata ni raha halali. Kufeli duru 16 pia hakuthibitishi kwamba hakuna binadamu anayeweza kusikia. Kunaonyesha tu kwamba wewe, kwa spika hizi, katika chumba hiki, hukuweza. Kama ukikiangalia kile kifaa unafurahi na bei yake haikuumi, kiache. Kama ulikopa kukinunua, tafuta boksi lake, na ukirudisha usimwambie muuzaji habari ya sarafu, maana atakuambia neva zilikubana. Mwambie tu hakikufaa.